Tupande Mchongoma



Tangu Palma iliposhambuliwa Machi 2021, wengi wetu tunaishi mizigo ikiwa imefungwa. Basi tuliposema tupande michongoma kuzunguka uwanja wa kanisa, mama mmoja aliuliza: kupanda si kukubali kwamba haturudi nyumbani? Ni swali zito, tusilipuuze.

Tusome Yeremia 29. Waliohamishwa Babeli waliandikiwa wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake. Barua hiyohiyo, mistari michache mbele, inaahidi kwamba baada ya miaka 70 watarudishwa kwao. Waliambiwa yote mawili kwa pamoja.

Na mchongoma si mgeni kwetu, ni wa vichaka vya pwani hii. Miiba yake ni ua tosha kwa mbuzi (na kwa watoto watundu!). Tunda likiiva huwa jekundu la kukoza. Lisugue kwanza kati ya vidole lilainike, ukakasi upungue. Tupande miche mingi, maana mti dume kwa kawaida hauzai.

Matunda ya juu tuwaachie ndege. Katika Walawi 19 Mungu aliagiza pembe za shamba zisivunwe, zibaki kwa maskini na mgeni. Sisi tumekula sana vya pembeni mwa mashamba ya watu. Sasa nasi tuwe na cha kuacha.

Mbegu zilizooshwa ziko kwa wazee wa kanisa. Mvua zikianza, kila familia ichimbe mashimo mawili. Atakayetangulia kurudi kwao amwonyeshe jirani miche yake.