Mwachie Sulisuli Aende Akiwa Hai

Sulisuli amefika ubavuni mwa boti. Tanga la mgongoni limelala, rangi imefifia. Mgeni anashangilia. Na wewe, baharia wa Watamu, mikono yako iko wapi?

Hapa ndipo kazi yako inapoanza.

Kuzungusha mshipi, hata mgeni aliyeshuka ndegeni juzi anaweza. Lakini kumrudisha baharini samaki wa kilo 30, akaondoka mzima, hiyo ni kazi ya fundi. Fundi huyo ni wewe. Mbona unamwacha alale?

Sisemi na mvuvi anayetafutia watoto kitoweo. Nasema na wewe uliyemwahidi mgeni kwamba samaki huyu ataachiwa. Basi ahadi uitimize!

Unasema mgeni anataka picha. Kwa hiyo unamburura samaki juu ya sitaha kavu, unamlaza mapajani mwa watu, dakika zinakwenda. Hebu kimbia wewe kutoka Watamu hadi Gede bila kupumzika, kisha mtu akuzibe pua na mdomo. Utastahimili kwa muda gani? Sulisuli amepigana mpaka misuli imejaa asidi. Pumzi yake imo majini. Wewe unampa jua.

Picha apigwe akiwa majini. Basi.

Unasema ndoano imezama kooni. Ulifunga ndoano gani? Ile ya duara, yenye ncha iliyopinda kurudi ndani, mara nyingi hushika pembeni mwa mdomo. Ile iliyo kama herufi J humezwa kwa urahisi zaidi, ikachana matumbo. Tofauti hiyo unaijua, na bado sanduku lako limejaa za J. Unangoja nini? Nani aje akubadilishie? Na akiwa ameimeza kweli, usichokoe. Kata mshipi karibu na mdomo.

Vaa glavu, zilowanishe. Ute wa ngozi yake ni kinga dhidi ya maradhi, na kitambaa kikavu huufuta. Usimshike kwenye matamvua, kamwe. Shika mdomo wake mrefu kwa mikono miwili, ncha isikuelekee. Mwambie nahodha asogeze boti mbele, polepole, maji yaingie mdomoni yatokee kwenye matamvua. Usimsukume mbele na nyuma kama unayepiga pasi: maji yakienda kinyume hayampi pumzi.

Subiri.

Mgeni ana haraka? Subiri.

Rangi inarudi. Mkia unapiga. Anavuta mwenyewe, kwa nguvu. Sasa achia!

Pale pale Watamu kuna African Billfish Foundation, inayohimiza samaki hawa wawekwe alama na kuachiwa, ili wakinaswa tena ijulikane walikopita. Lakini alama kwenye samaki atakayekufa baada ya dakika kumi italeta habari gani? Elimu yote hiyo imesimama juu ya viganja vyako. Vyako wewe, unayejiita baharia tu.

Unaweza. Ulijifunza kusoma mawimbi bila daftari. Ulijifunza kumtambua ndege anayefuata samaki kabla mgeni hajaona kitu. Hili litakushindaje?

Kaskazi ikivuma, sulisuli watapita. Leo, kabla jua halijazama, fungua sanduku. Toa ndoano za J zote. Funga za duara.