Wengi Wape, na Wachache Je?

Wahenga walinena: wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Ni wasia wenye busara kwa mgawaji, ila haumwambii awafanyeje wale wachache waliosalia mikono mitupu. Wala haumwambii la kutenda ikiwa wachache wa leo ndio waliokuwa wengi jana, na ni kwa mgongo wao yeye mwenyewe alivuka mto.

Swali hili tumezoea kulisikia katika siasa. Hapa nataka kulitazama mahali pengine, katika simu za mkononi.

Mwezi wa Februari 2016 kampuni ya WhatsApp ilitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka huo itaacha kuzihudumia simu za BlackBerry, simu za Nokia zenye mifumo ya S40 na Symbian, pamoja na matoleo ya kale ya Android na Windows Phone. Tangazo lilikuwa fupi na la adabu. Lilikumbusha kwamba programu hiyo ilipoanza mwaka 2009, asilimia 70 hivi ya simu za kisasa zilizouzwa zilitumia mifumo ya BlackBerry na Nokia, ilhali ile ya Google, Apple na Microsoft haikufikia robo. Kufikia 2016 mifumo hiyo mitatu ilikuwa na asilimia 99.5 ya mauzo. Miaka saba tu ilitosha kuwageuza wenyeji kuwa wageni. Muda wa kuwaaga ukasogezwa mbele zaidi ya mara moja: Symbian ikaachwa katikati ya 2017, BlackBerry mwishoni mwa mwaka huo, na S40 ikafikishwa hadi mwisho wa 2018.

Kwa nini mtengenezaji wa programu asiendelee tu kuwahudumia wote? Aliyewahi kufasiri shairi ataelewa upesi. Kila mfumo wa simu una lugha yake, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya iPhone haiwezi kumiminwa katika Nokia kama maji katika gudulia. Sharti itungwe upya, kwa mizani na vina vya lugha ile. Na mtunzi wa asili akibadilisha ubeti mmoja, wafasiri wote hawana budi kurudi kazini. Kisha kila tafsiri ijaribiwe katika simu za kila aina, kubwa kwa ndogo, kabla ya kukabidhiwa watu. Gharama hiyo haipungui sana wasomaji wapungukapo: kumfasiria mmoja na kuwafasiria milioni, kazi ni ileile. WhatsApp iliponunuliwa na Facebook mwaka 2014, kwa bei iliyotangazwa kuwa dola bilioni 19, ilikuwa na wafanyakazi wasiofika 60. Watu hao hawakuwa na mikono ya kushika makasia yote.

Tena tusiwaonee. Nokia yenyewe ndiyo iliyotangulia kuihama nyumba yake. Februari 2011 ilitangaza kuhamia Windows Phone, na tangu mwanzo wa 2014 duka lake likaacha kupokea programu mpya za Symbian. Mpangaji haulizwi sababu ya kuhama nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuiezua. Hata hivyo uhamaji wa namna hii una mzunguko wake: wenye programu huondoka kwa kuwa wanunuzi wamepungua, na wanunuzi hupungua kwa kuwa programu zimeondoka. Kwa hiyo uchache huu si maumbile. Hutengenezwa, na mikono inayoutengeneza ni mingi kiasi kwamba hakuna mmoja anayejiona ana hatia.

Hoja ya hesabu ina nguvu, nami siikatai. Saa moja anayotumikiwa mmoja ni saa waliyonyimwa elfu. Husemwa pia kwamba simu kuukuu haziwezi kubeba kinga mpya. Hapo nina neno. Aprili 2016, wiki chache tu baada ya lile tangazo la kuagana, kampuni hiyohiyo ilikamilisha kazi ya kuzifunga jumbe zote kwa fumbo ambalo halifumbuliwi ila na mtumaji na mpokeaji, na fumbo hilo likafika hata katika S40, Symbian na BlackBerry. Basi uwezo ulikuwapo. Nadhani wahandisi wale walifanya jambo la kiungwana, mithili ya mtu anayeziba paa la nyumba anayoihama. Lakini walionyesha pia kwamba "haiwezekani" aghalabu huwa na maana ya "hailipi".

Ninachoshikilia ni hiki: deni halifutiki kwa sababu mdai amedhoofika. Wale asilimia 70 ndio waliowaita ndugu na jamaa zao, wakaijaza programu watu hadi ikawa na thamani ya mabilioni. Aliyebaki na Nokia yake hakuwa mkaidi. Yamkini bei ya simu mpya ilimshinda, au alifuata tu wasia wa kutoacha mbachao kwa msala upitao, na safari hii wasia ukamponza. Mtu huyo hana haki ya kuhudumiwa milele. Hakuna aliye nayo. Anayo haki ya kutoka na vyake.

Na jambo lenyewe limejirudia. Mwaka 2019 WhatsApp ilikuja katika simu za vitufe za KaiOS, zikiwemo zile zilizouzwa Tanzania kwa jina la Smart Kitochi. Mwaka 2024 ikaondolewa katika duka la mfumo huo.

Sisi wa pwani, ambao kujibizana kwetu kwa beti kumehamia katika makundi ya simu, twajua kilichomo ndani ya vyombo hivyo. Wenye S40 waliambiwa waziwazi kwamba hakuna njia ya kuyahamisha mazungumzo yao kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Anayeyataka aliruhusiwa kuyatuma kwa barua pepe. Basi mzee mwenye kitochi chake, ili azipate beti alizotumiwa na rafiki aliyekwisha kufariki, ilimpasa kwanza amtafute kijana wa kumfungulia anuani.