Toba ya Sebuleni

Mpendwa, mkesha ni mzuri, semina ni nzuri, na mkutano wa injili wenye spika kubwa nao una nafasi yake. Ila kama Jumapili umesifu mpaka sauti ikakauka, halafu Jumatatu asubuhi unamtukana kondakta wa daladala kwa ajili ya shilingi mia, hapo ulichangamka tu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kuwa utu wa ndani hufanywa upya siku kwa siku, na siku zenyewe ndizo hizi za foleni, kodi ya nyumba na watoto wanaougua.

Wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilielewa hili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Namirembe, Kampala, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho uliotokana na watu kama hao ulienea Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya, ukafika hadi Bukoba. Majirani waliutambua kwa mtu aliyepiga hodi kurudisha alichoiba, au aliyekwenda kumwomba msamaha adui yake wa miaka mingi. Kuna waliopitiliza, wakaanika hadharani hata mambo yaliyowaumiza wasiohusika, hilo tusiige. Lakini ule moyo wa kurudisha tumeupoteza, na ni hasara yetu.

Tuje nyumbani. Dada wa kazi amevunja sahani, umemfokea mbele ya watoto na kumwita mjinga. Saa mbili usiku unakusanya familia kwa sala. Naye yupo, amekaa karibu na mlango, khanga imefunika magoti, anaitikia amina kwa sauti ndogo. Hapo weka kitabu cha nyimbo chini. Mwite kwa jina lake, umwambie mbele ya watoto walewale: nimekukosea, naomba unisamehe. Usiongeze "lakini na wewe", maana hiyo "lakini" ikishaingia, umeanza kumfokea upya. Watoto wako watajifunza toba zaidi usiku huo kuliko katika mafundisho yote ya kipaimara. Yesu aliagiza kwamba anayekumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka mbele ya madhabahu, akapatane naye kwanza. Sioni kwa nini sala ya sebuleni isifuate utaratibu huohuo.

Deni nalo ni jambo la kiroho. Umekopa unga, sabuni na vocha kwa Mangi mwenye duka, ameandika kwenye daftari, na siku hizi unapita uchochoro wa nyuma asikuone. Kanisani, jina lako linasomwa kwa ahadi nono ya ujenzi. Zakayo aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Wewe hudaiwi mara nne, unadaiwa bei ya unga.

Kuhusu sala ya asubuhi sina mengi: soma zaburi moja kabla hujafungua WhatsApp. Siku nyingine utasoma na usisikie chochote moyoni. Soma hivyohivyo, usingoje kusisimkwa.

Na kama yupo mtu unayemkwepa njiani, mtafute wiki hii. Ikiwa ni deni, nenda na hela mkononi, usiende na maelezo.