Hodi Isiyongoja Jibu



Katika desturi zetu za pwani ni machache maneno madogo yenye uzito kama neno hili, "hodi". Mtu hufika mlangoni, akasimama pembeni asichungulie ndani, akapiga hodi. Akiitikiwa "karibu" huingia. Akinyamaziwa hupiga ya pili na ya tatu, kisha huenda zake bila ya kinyongo. Wala hii si mila tupu. Katika Sura ya Annur tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu walio ndani, na tukiambiwa turudi, yatupasa turudi. Basi hodi ni kukiri kwamba ndani ya nyumba ile mna mtu mwenye haki ya kusema "la".

Sasa nakuuliza: simu inapolia chumbani mwako, je, hiyo nayo si hodi? Na anayeipiga akiwa si mtu, bali ni mtambo usio na masikio ya kusikia "karibu" wala "rudi", hodi hiyo ina maana gani?

Nitakueleza lililonipata mimi mwenyewe. Siku moja baada ya adhuhuri simu yangu ililia, nikatazama, nikaona namba nisiyoijua. Wiki ile nilikuwa nimechoshwa na simu za namna hiyo. Unapokea, unatoa salamu, kumbe unausalimu mtambo! Sauti iliyorikodiwa zamani inakutangazia bahati nasibu usiyoitaka. Basi nikaiacha ilie. Ikalia mara ya pili, na ya tatu, nikaizima. Jioni ndipo nilipojua kuwa aliyenipigia alikuwa mtoto wa jirani yake ami yangu, kwa simu ya kuazima, akinipa khabari ya msiba. Ami alifariki asubuhi, na maiti kwetu haingojeshwi. Nilifika makaburini udongo ungali mbichi na watu wamekwisha kutawanyika.

Tangu siku hiyo najiuliza: kosa lile lilikuwa la nani? Bila ya shaka langu halikosekani. Lakini yule aliyeutuma mtambo ule, yeye hana sehemu yake? Akishitakiwa atasema: "Sikumpiga, sikumtukana, sikumwibia. Nimemchukulia nusu dakika tu." Na hapo, msomaji, ndipo penye swali letu la leo: je, udhia mdogo ukigawanywa kwa watu wengi huwa si dhulma?

Tutazame Marekani, nchi iliyotaabika na jambo hili mapema na ikapigana nalo kwa muda mrefu. Mwaka 1991 bunge lao lilitunga sheria ya kuzuia simu za mitambo zenye sauti zilizorikodiwa, kwa kuwa watu walikwisha kuchoka kuamshwa usingizini na kuondolewa kwenye chakula. Mwaka 2003 serikali ikafungua daftari la taifa: asiyetaka kupigiwa na wafanya biashara huandikisha namba yake, nao hulazimika kuiacha. Kwa siku chache za mwanzo tu namba zaidi ya milioni 10 ziliandikishwa, na leo zimo zaidi ya milioni 200. Hebu fikiri! Taifa zima limesimama mlangoni likisema "sitaki".

Je, simu zilikoma? Wafanya biashara wenye kuogopa sheria walijizuia. Lakini laghai hatazami daftari. Naye alipata msaada mkubwa: simu zilipoanza kupita katika intaneti, gharama yake ilishuka mno, na mtambo mmoja ukaweza kupiga maelfu ya simu kwa muda mfupi. Tena alijifunza kughushi namba, hata aliye nchi ya mbali aonekane kama jirani wa mtaa wa pili. Mwaka 2012 serikali ilitangaza zawadi ya dola 50,000 kwa atakayebuni dawa, na mwaka uliofuata washindi wakapatikana. Mwaka 2019 ikaja sheria nyingine, na kuanzia Juni 2021 makampuni makubwa ya simu yamelazimishwa kuzitia simu muhuri. Kampuni anakotoka mpigaji huithibitisha namba yake, na kampuni ya mpokeaji huukagua muhuri kabla ya simu kulia.

Hatua hizi zina manufaa, wala sizidharau. Lakini angalia mipaka yake. Muhuri hukwambia kuwa namba ni ya kweli, haukwambii kuwa mwenye namba ni mkweli. Na lile daftari halikuwazuia wanasiasa, wala mashirika ya kukusanya sadaka, wala wanaouliza watu maoni yao. Yaani waliotunga sheria ya kulinda milango ya watu walijiachia wenyewe mlango wazi! Ndivyo tulivyo wanadamu: udhia wa mwenzetu huuita udhia, na udhia wetu huuita khabari muhimu.

Turudi kwenye swali. Wahenga wetu walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi tumezoea kulitumia neno hilo katika kuweka akiba. Lakini dhulma nayo hujaza kibaba kwa haba na haba. Mtu akimfungia mwenzake chumbani mwaka mzima, sote tutamwita dhalimu. Basi aliyewachukulia watu milioni moja nusu dakika kila mmoja amechukua, ukijumlisha, karibu na mwaka mzima wa umri wa viumbe. Kwa kuwa hakuna mmoja aliyepoteza kingi, hakuna anayesimama kudai. Yeye naye husema hakumdhuru mtu. Lakini wingi wa waliodhulumiwa tangu lini ukawa ni udhuru wa dhalimu?

Na muda si khasara kubwa kupita zote. Kilicho kikubwa zaidi ni imani. Samaki mmoja akioza huoza wote. Hodi za uwongo zikizidi, watu huacha kuitikia hodi za kweli, na hapo anayeumia ni mgonjwa anayetaka msaada, na mtoto aliyeazima simu ya mpita njia. Januari 2024, katika jimbo la New Hampshire huko huko Marekani, watu walipigiwa simu yenye sauti iliyotengenezwa kwa akili bandia kuiga sauti ya rais wao wa wakati ule, Joe Biden, ikiwashauri wasiende kupiga kura ya mchujo. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kuwa sauti za namna hiyo nazo zimo chini ya sheria ile ya mwaka 1991. Basi ikiwa sauti ya rais yaweza kuigwa, sembuse ya mwanao?

Kwetu nasi hatukusalimika. Ni nani Tanzania asiyeyajua maneno ya matapeli ya kumtaka mtu "ile pesa" aitume kwenye namba hii? Sheria nazo zipo: Kenya ilitunga yake ya kulinda khabari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Tuzitumie, na tusione haya kushitaki. Na ukipigiwa kwa sauti ya ndugu yako akilia shida, usitume kitu kwa haraka. Kata, kisha mpigie wewe kwa namba unayoijua. Huko si kumdhania vibaya nduguyo, bali ni kumlinda yeye na kujilinda wewe.

Lakini sheria hulinda mlango kwa nje tu. Ndani ya mlango tumo sisi. Je, msomaji, hujapata kupokea ujumbe usiojua asili yake, ukausambaza usiku kwa watu mia moja kwa sababu uliambiwa uwatumie wengine kumi? Hukuuliza kama ni kweli, wala hukumfikiri aliyelala akashtuka akidhani ni khabari ya mgonjwa wake. Wakati huo sisi na mtambo tuna tofauti gani? Mtambo una udhuru, kwa kuwa haukupewa akili wala haya. Sisi tumepewa vyote viwili, na tutaulizwa.

Basi tuanze hapo. Kabla hujapiga, kabla hujatuma, simama kidogo kama unavyosimama kwenye mlango wa jirani, ujiulize: ningekuwa mimi niliye ndani, ningesema karibu? Nami nimejiwekea sharti langu tangu siku ile ya msiba: namba nisiyoijua ikipiga hodi mara tatu, nitaipokea. Nikikuta ni mtambo, nitakuwa nimepoteza nusu dakika. Nikikuta ni mtu, nitakuwa nimemwitikia.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.