Ugomvi wa Majirani na Mali ya Damu

Tumeulizwa katika darsa yetu suala hili: Nchi mbili jirani zikiwa na ugomvi, na wakawako wauaji ambao mali yao hupita katika nchi zote mbili, je, yazipasa nchi hizo kushirikiana kuikata mali hiyo, au kila moja ina haki ya kukaa na hasira yake mpaka irudishiwe haki yake?

Suala hili si la wanasiasa peke yao. Ni suala la dini na la akili, na damu inayomwagika ni ya jirani zetu na ya watoto wetu. Kwa hivyo twaona yatupasa kulijibu.

Mfano wake hauko mbali nasi. Kenya, Somalia na Ethiopia zote zimeumizwa na Al-Shabab. Kundi hili lakadiriwa kukusanya kiasi cha dola milioni 100 kwa mwaka, na mali hiyo haishuki kutoka mbinguni. Hutozwa magari njiani, hutozwa wafanyabiashara wanaoshusha shehena bandari ya Mogadishu, na hutozwa wafugaji na wakulima kwa jina la zaka. Tazameni msiba huu! Nguzo ya dini iliyowekwa ili kuwatosheleza mafakiri imefanywa upanga wa kuwanyang'anya mafakiri hao hao. Kisha mali hiyo huvuka mipaka. Machi 2024 Marekani iliwawekea vikwazo watu na makampuni 16 kwa kuisafisha mali ya kundi hili, na hao walitapakaa Pembe ya Afrika, Falme za Kiarabu na hata Kupro.

Na waliopaswa kuizuia walikuwa wakifanya nini? Mwaka 2014 Somalia iliishitaki Kenya katika Mahkama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya mpaka wa bahari. Disemba 2020 ikakata uhusiano na Kenya, ukarudi Mei 2021. Oktoba mwaka huo Mahkama ikaipa Somalia sehemu kubwa ya bahari iliyogombaniwa, na Kenya ikaikataa hukumu. Januari 2024 Ethiopia ikaandikiana na Somaliland mapatano ya kupata njia ya bahari, Somalia ikaghadhibika, hata zikasikizana huko Ankara Disemba ya mwaka huo.

Hatusemi kuwa madai haya ni upuuzi. Mwenye haki ana haki ya kuidai. Tusemalo ni kuwa wenye nyumba mbili wakishikana mashati juu ya ua, mwizi hapati siku nzuri kuliko hiyo.

Wako wasemao: "Vipi nitamsaidia anayenidhulumu?" Jawabu yetu twaitoa katika sira ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Kabla ya kupewa utume, mtu wa Zabid katika Yemen alikuja Makka na bidhaa. Al-As bin Wail akainunua, akakataa kulipa. Yule mgeni akapanda jabali la Abu Qubays akalia mbele ya watu. Mbari kadha za Kureshi, ambazo zilikuwa na mashindano yao ya utukufu na cheo, zikakutana katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, zikaapa kusimama pamoja na mwenye kudhulumiwa mpaka apate haki yake. Mtume alihudhuria mapatano hayo, na baada ya kuja Uislamu alisema kuwa lau angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitika. Wale hawakungoja mpaka mashindano yao yaishe. Walitenga jambo moja, kuzuia dhulma, wakalitoa nje ya ugomvi wao. Na katika Suratul Maida Mola wetu ametuamrisha kusaidiana katika wema, na ametuonya kuwa kuwachukia watu kusitutoe katika uadilifu.

Lakini kushirikiana kuna adabu zake, nazo ni mbili.

Ya kwanza ni kuanza na mlango wako. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikataza mkaa wa Somalia kupelekwa nje, kwa kuwa ushuru wake ulikuwa ukiwatajirisha Al-Shabab. Mwaka huo huo majeshi ya Kenya na Wasomali waliokuwa pamoja nayo yakaingia Kismayu. Mwaka 2013 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakaandika kuwa mkaa uliendelea kutoka bandarini hapo, na kuwa wanajeshi wa Kenya waliuachia upite. Kenya ikakanusha. Na mkaa huo ulikuwa ukienda Ghuba, mara nyingi kwa vyeti vya uongo, ili watu waukie shisha na kuchomea nyama. Basi muuzaji, mpitishaji na mnunuzi, kila mmoja alikuwa na la kujibu kabla ya kumnyoshea mwenziwe kidole.

Ya pili ni kuthibitisha kabla ya kuadhibu. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilizifungia kampuni 13 za kupeleka pesa, na miezi miwili baadaye ikazifungulia. Hasira yake twaifahamu, kwani msiba ule ulikuwa mkubwa. Lakini ajuza wa Baidoa anayengoja dola hamsini za mwanawe aliyeko Nairobi ana kosa gani? Mithali ya samaki mmoja akioza si hukumu ya sharia. Hakuna mtu abebeshwaye dhambi ya mwingine. Anayempa jirani yake habari na ampe jina, kiasi na ushahidi, wala asimtie katika orodha ya magaidi mtu ambaye kosa lake ni kuipinga serikali tu. Orodha ikisha kutiwa uongo mmoja, jirani hataiamini hata katika kweli zake mia, na mwenye kufaidika ni muuaji.

Basi jawabu yetu ni hii: yapasa kushirikiana, na ugomvi si udhuru. Bahari na igombaniwe mahkamani. Mali ya damu na izuiwe leo.

Nasi raia tusijitoe. Ukitoa sadaka, uliza yaenda kwa nani. Ukinunua sukari ya magendo kwa urahisi wake, uliza ni nani aliyetozwa njiani na ni nani aliyetoza. Hatuwezi kuwalaumu wakubwa kwa kufumba macho ilhali yetu pia tumeyafumba.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azilinde nchi zetu na atupe uadilifu hata kwa tusiopendana nao. Wabillahi tawfiq.