Aibaye Daraja Amemwibia Nani?

Siku hizi watu wengi wamefanya kujiendeleza kuwa kama mchezo. Mtu atakaye kujifunza lugha ngeni, au kuutia mwili nguvu kwa kutembea, huweka programu katika simu yake, nayo humhesabia. Akifanya bidii hupewa nyota; nyota zikizidi hupandishwa daraja. Jambo hili si baya. Mwanadamu ni mvivu, naye akiiona hatua ya jana hutiwa moyo kwa hatua ya leo. Hata sisi twawapa kadi watoto wa shule ya Jumapili washikao mafundisho vema.

Lakini penye ngazi hapakosi arukaye vidato. Simu ihesabuyo hatua haioni miguu. Yajua mtikisiko tu. Mtu aweza kuketi kitini akaitikisa mkononi, nayo ikamwandikia hatua. Basi na tumwulize: Umemdanganya nani? Hapana mwalimu, wala mshindani, wala zawadi. Yeye ndiye mtahini, na yeye ndiye mtahiniwa. Je, mtu aweza kuwa mwizi na mwenye mali pamoja?

Wako wasemao kwamba hapana kosa, kwa kuwa hakuna aliyeibiwa. Mimi naona sivyo. Ndani ya mtu huyo wamo wawili: mmoja ataka kuwa na nguvu, wa pili ataka kuonekana ana nguvu. Adanganyapo, huyu wa pili humwibia yule wa kwanza. Tena kilichoibwa si nyota, bali ni siku zake, nazo hazirudi.

Sisi tukaao Mwenge tunao mfano karibu, katika vinyago. Mpingo ni mti ambao moyo wake ni mweusi, mgumu, na mzito hata ukitiwa majini huzama. Nao ni ghali. Kwa hiyo katika biashara hii wako wachongao mti mwepesi na kuupaka dawa ya viatu. Mnunuzi atazamaye weusi tu hudanganyika. Lakini akitie majini kinyago hicho, kitaelea. Rangi imeugeuza uso, haikuongeza uzito.

Yaliyo ya mtu mmoja huwa ya watu wengi pia. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1973, liko Kijitonyama, jirani zetu. Mwaka 2018 lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za msingi za Chemba, mkoa wa Dodoma, na ya shule nyingine kadhaa, kwa sababu mtihani ulivuja. Watoto wakaurudia mwezi wa Oktoba. Angalieni, ndugu: karatasi za mtihani hutunzwa na watu wazima. Mtoto hawezi kuvujisha asichokabidhiwa. Sisi wazee ndio tuliomfundisha kwamba daraja ni kubwa kuliko elimu. Tena Januari 2023, Baraza lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Naona lilifanya vema, maana shule ipiganiayo jina husahau mtoto.

Je, tuzitupe daraja zote? La, hasha. Kipimo ni mtumishi mwema, ila kisiwe bwana. Yafaa kila mtu ajipime kwa jambo lenyewe, kama mpingo upimwavyo kwa maji. Ajifunzaye lugha na azungumze na mwenye lugha yake. Atembeaye na apande kilima. Nanyi wakatekista, mkatekumeni akiyasema majibu yote bila kusita, mwambieni ayaeleze kwa maneno yake mwenyewe, kama angemweleza bibi yake nyumbani. Na sisi wazazi, mtoto arudipo kutoka shuleni, tusianze kumwuliza, “Umepata ngapi?” Tumwulize kwanza, “Umejifunza nini?” kisha tuketi, tumsikilize mpaka amalize.