Jino la Buu Kwenye Msumeno Mzee

Tega sikio kwenye gogo la mchikichi lililolala shambani wiki kadhaa, kule ambako barabara inauacha mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, na kuanza kupanda kuelekea Fizi, utasikia kitu kinatafuna ndani. Sauti ni ndogo lakini haikatiki. Ni mabuu wa mbawakawa, wanene na weupe, na watoto wanaopasua magogo kutafuta kitoweo wanawajua kuliko mwalimu yeyote. Mtazame mmoja kwa karibu. Mwili wote ni laini na hauna miguu. Kichwa peke yake ni kigumu, rangi ya kahawia iliyokolea, na mbele yake zimekaa taya mbili fupi nyeusi. Kwa taya hizo anajifungulia njia, anakula anachokichimba na kulala ndani ya chakula chake. Wataalamu waliopima taya za wadudu wengi wanaotafuna vitu vigumu wamekuta zinki au manganizi kwenye makali yake. Wapo viumbe ambao ukiwabonyeza kwa kidole wanapasuka, na Muumba amewatia madini kinywani.

Mwaka 1946, katika misitu ya Oregon, magharibi mwa Marekani, mkata miti mmoja aitwaye Joseph Cox alikuwa anapasua kuni. Akasimama kutazama kisiki kilichojaa mabuu wa mbawakawa mkubwa wa huko, ambao hukaa ndani ya mbao za misonobari iliyokufa kwa miaka kadhaa kabla ya kuota mabawa. Siku hizo msumeno wa injini ulikuwepo tayari, lakini mnyororo wake ulikuwa na meno yaliyoigwa kwa msumeno wa mkono. Ulikuna mti badala ya kuukata, ukawa butu upesi, na kuunoa kulitaka fundi wa kweli. Cox aliona kwamba buu hakuni. Taya zake zimepinda, na anakata kushoto, kisha kulia, tena kushoto, nyuzi za mbao zikiwa zimelala au zimesimama, kwake ni sawa. Akaliiga umbo lile kwa chuma katika karakana iliyokuwa chini ya nyumba yake mjini Portland, na mwaka 1947 akaanza kuuza minyororo. Leo, mnyororo wa msumeno wowote utakaousikia milimani kwetu, toka Lulenge hadi Itombwe, kwa sehemu kubwa unafuata umbo hilo.

Shika jino moja la mnyororo wa zamani kwenye kiganja. Juu lina ubapa uliochongoka unaoinua mbao. Ubavuni limepinda na kukata nyuzi. Mbele yake kuna kinundu kidogo kinachopima jino lizame kiasi gani. Jino linalofuata limegeukia upande wa pili. Likiwa kali, linatoa vipande vinene vya mbao. Likiwa butu, linatoa unga. Fundi hana haja ya kipimo kingine, anatazama kinachomwagika miguuni pake.

Wapo watu Marekani, Kanada, Ulaya na Australia wanaokusanya misumeno mikubwa ya kizazi kile, hasa ile yenye gia, na kuifufua na kuiwasha. Naielewa hamu yao, na naiheshimu. Msumeno wa kwanza wa petroli wa Emil Lerp, uliojaribiwa mwaka 1927 kwenye mlima Dolmar nchini Ujerumani, ulikuwa na kilo 58 na ulibebwa na watu wawili. Mwaka 1950 kampuni ya Stihl ilitoa wa mtu mmoja wenye kilo 16. Kisha mwaka 1959 ukaja wao uitwao Contra, kilo 12, nguvu farasi sita, bila gia: injini inazungusha mnyororo moja kwa moja. Misumeno isiyo na gia ikaenea, na ile ya gia ikaanza kurudishwa stoo.

Ila ilikuwa na hekima yake. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, na gia ikagawanya kwa tatu, gurudumu linalovuta mnyororo linazunguka mara 2,000 tu. Kasi iliyopungua haikupotea, imekuwa nguvu ya kuvuta. Ndivyo anavyofanya mpagazi mwenye gunia la mihogo anapoupanda mlima wa Fizi: anafupisha hatua, na anafika. Kwa hiyo msumeno wa gia uliweza kuvuta meno makubwa kwenye bapa refu la chuma linalobeba mnyororo, ndani ya shina ambalo watu wawili hawalikumbatii, bila injini kuzimika.

Kuufufua ni kazi ya subira. Kifuniko cha magnesiamu kimeliwa na unyevu, mipira ya kupitishia mafuta imekauka ikawa migumu, utando wa kabureta umekakamaa. Sili za mhimili wa injini (krankshafti) ndizo za kuangaliwa kwanza, maana zikivujisha hewa, mchanganyiko unakosa mafuta na pistoni inaungua siku ileile uliyofurahi kwamba imewaka. Giaboksi ina oili yake peke yake. Unaimwaga, unatazama kama kuna chembe za chuma, unatia mpya. Platini, zile zinazokata na kuunga umeme wa cheche, unazisugua kwa msasa laini. Halafu unavuta kamba, na hapo mimi huvua kofia, kwa sababu hakuna betri. Sumaku iliyofungwa kwenye gurudumu la injini zaidi ya miaka 60 iliyopita inapita mbele ya koili, umeme unazaliwa, cheche inaruka. Hakuna aliyeitia chaji miaka yote hiyo. Mwanadamu ameunda gurudumu. Nguvu iliyo ndani ya sumaku ameikuta.

Ukiwaka, hauna kelele kali ya misumeno ya leo. Unanguruma chini, pole, na mnyororo unakwenda kwa mwendo ambao jicho linakaribia kuufuata. Ndiyo maana naupenda kuliko mpya. Katika mashine ya kasi jino la buu linapotea machoni. Katika hii unakaribia kuliona likifanya kazi. Na wenye kuikusanya, wengi wao, huiwasha juu ya gogo lililokwishalala. Hilo nalipenda zaidi. Buu wa Oregon naye anakula mti uliokufa, anaurudisha udongoni taratibu. Sisi tumelichukua jino lake tukaacha mwendo wake, na mti uliosimama tangu enzi za babu zetu unaangushwa kabla jua halijapanda. Baraka inahitaji mbao za maboti, milango na vitanda, sikatai. Lakini aliyeazima jino angeazima na adabu ya mwenye jino.

Mti wenyewe nao hauko mikono mitupu. Chukua mvule, unaoota kutoka Afrika Magharibi hadi pwani ya Bahari ya Hindi, urefu hata mita 50, ambao mbegu zake hupandwa na popo wanaokula matunda usiku. Ndani ya shina lake mara nyingine huwa mna mawe. Ni mawe kweli, chokaa ngumu iliyojificha kwenye mianya ya mbao, na wapasua mbao wanaichukia maana inavunja makali. Watafiti waliouchunguza mvule Côte d'Ivoire walieleza inavyotokea: mti unavuta hewa ya ukaa, unaigeuza kuwa chumvi ya kalsiamu ndani ya mwili wake, kisha bakteria na kuvu wanaifanya chokaa, ndani ya mti na kwenye udongo unaouzunguka. Hewa inakuwa jiwe, na inakaa hivyo muda mrefu baada ya mti wenyewe kuoza.

Basi siku msumeno mzee unapofika katikati ya shina la mvule, jino lililojifunza kwa buu linakutana na jiwe lililotengenezwa na mti. Vipande vinakoma, unga unaanza kumwagika, harufu ya kuungua inapanda. Fundi anazima injini, anatoa tupa ya mviringo, na kunoa jino la kushoto, kisha la kulia, mpaka amalize mnyororo wote.